Mwalimu Aliyebandika Maoni Mabaya Juu Kabisa

Ijumaa ya tarehe thelathini Juni, saa kumi jioni, mwalimu wetu wa mitandao ya kompyuta atafunga mlango wa maabara kwa mara ya mwisho, baada ya kukitumikia chuo hiki miaka ishirini na tisa na miezi minne. Hiyo miezi minne ameniagiza mwenyewe nisiisahau. Anasema ndiyo ile ya mwanzo kabisa, alipokuwa akifundisha mitandao ya kompyuta bila kompyuta.

Wengi mtashangaa kuona wasifu huu umeandikwa na mtu wa usafi. Hata mimi nilishangaa. Katibu muhtasi aliponiita ofisini nilidhani nimevunja kitu, nikaanza kujitetea kabla sijaambiwa kosa. Kumbe Mwalimu aliulizwa angependa nani amwandikie, akanitaja mimi. Nikasema jamani, shule yangu iliishia ya msingi, na hapa chuoni kuna watu wana shahada hata ukuta hauzitoshi. Katibu akanijibu kwamba mstaafu ndiye anayechagua, sisi wengine tunatii. Basi. Binti yangu amenisaidia herufi na nukta. Maneno ni yangu, na palipokosewa msimlaumu yeye.

Mwalimu alipofika hapa, maabara tunayoijua leo ilikuwa stoo ya viti vibovu. Kompyuta kumi na moja zilipokuja hatimaye, kebo zote alizivuta kwa mikono yake, akitambaa juu ya dari na tochi mdomoni. Siku moja alikanyaga pasipo na boriti, mguu mmoja ukatokeza maktabani, juu ya meza ya mkutubi. Mkutubi wa wakati ule alikuwa mtu wa sheria. Hakupiga kelele, maana maktabani hapapigwi kelele. Aliandika kikaratasi, "Tafadhali ondoa mguu wako," akakibandika kwenye soli ya kiatu. Kikaratasi hicho Mwalimu anacho hadi leo. Hayo niliyakuta yakisimuliwa, maana mimi nilikuja miaka kumi baadaye, na doa la ile dari nimelifuta mara nyingi, halitoki.

Niliyoyaona kwa macho yangu ni haya. Kila mwaka, wiki ya kwanza, huwatoa wanafunzi wapya darasani na kuwapanga koridoni, kila mmoja na namba kifuani. Aliye mlangoni hupewa bahasha ya kumfikia mpishi wa kantini. Hakuna anayeruhusiwa kutembea. Kila mtu humpa bahasha jirani anayedhani yuko karibu zaidi na mpishi. Mwalimu husimama pembeni akisema kwamba huo ndio mtandao, hauna uchawi wowote, ni watu wanaopokezana. Bahasha ikipotea hakasiriki, anauliza tu ni nani aliyeishika mwisho. Mimi hupiga deki nikiwazunguka. Nilijua kazi ya ruta, kile chombo kinachopokeza ujumbe njiani, nikiwa na ndoo mkononi.

Wanafunzi wamemwita Pima Kwanza tangu zamani, naye anaitika. Mtu akimkimbilia kwamba mtandao umekufa, Mwalimu hata hatazami kioo cha kompyuta. Anatoa mfukoni kile kidude chake cha kupimia kebo, chenye taa ndogo za kijani, anamkabidhi na kuendelea na chai yake. Vikombe vyake nimeviokota juu ya seva, chini ya seva, na kimoja ndani ya droo ya skrubu. Mitandao ya watu ameiweka sawa, lakini mtandao wa vikombe umemshinda.

Sasa niseme habari ya maoni, maana hapo ndipo alipo mwenyewe.

Kila mwisho wa muhula wanafunzi hujaza karatasi za kutoa maoni juu ya somo na mwalimu. Karatasi ina maswali machache, na mahali pa jina pameandikwa "si lazima". Ofisi huhesabu, halafu humrudishia mwalimu. Walimu wengine huzitia drooni, na siwalaumu, maana nani anapenda kusemwa. Mwalimu huyu alizibandika zote kwenye ubao laini kando ya mlango wa maabara, wazi, kila anayeingia asome. Mabaya aliyaweka juu kabisa, usawa wa macho. Sifa aliziweka chini, mpaka uiname. Na chini ya kila karatasi alijibu kwa kalamu ya kijani.

Nimezisoma kwa miaka kumi na tisa. Za juu nazisoma nikifuta mlango, za chini nazisoma nikikamua tambara.

Mmoja aliandika kwamba Mwalimu anaongea taratibu mno, ukisinzia ukaamka unamkuta bado yuko kwenye sentensi ileile. Kijani kikajibu: kweli, ila ulipoamka hukuwa umepitwa na kitu. Mwingine akasema anafuta ubao kabla hawajamaliza kunakili. Kijani: kosa langu, kuanzia leo dasta itakaa kwa aliye kiti cha nyuma kabisa. Na kweli, hadi muhula huu dasta ilikaa nyuma, na Mwalimu alikuwa akiiomba kama mgeni anayeomba chumvi. Mwingine alisema vichekesho vyake havichekeshi, akajibiwa kwamba mke wake naye ana maoni hayohayo. Kuna aliyeandika: somo gumu, mwalimu mzuri, viti vinauma. Viti nimeviombea mara sita, alijibu. Na kuna binti mmoja alilalamika kwamba hampi jibu hata akilia. Huyo alijibiwa hivi: siku uko kazini peke yako na mtandao umezima, utamlilia nani?

Nilimuuliza mara moja kwa nini anajianika hivyo. Akaniambia kwamba mazuri yake anayajua tayari. Tena akasema mtandao mbaya kuliko yote ni ule unaoharibika bila kutoa taarifa.

Neno hilo lilinirudia baadaye, na likanichoma.

Miaka saba iliyopita binti yangu, huyuhuyu wa herufi na nukta, kitinda mimba wangu, alikuwa darasani kwake. Ana akili, lakini wasiwasi wangu ameurithi wote, hajaacha hata tone. Mtihani wa vitendo alishaanguka mara moja kwa kutetemeka mikono. Kanuni ya chuo ilikuwa wazi: ukianguka mara mbili, unafungasha. Usiku wa kuamkia mtihani wa pili sikula, nikawa roho juu kama ni mimi ninayekwenda kupimwa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Mjue kwanza mtihani wake ulivyokuwa. Siku hiyo Mwalimu alikuwa akifika alfajiri na kuuharibu mtandao kwa makusudi, meza moja baada ya nyingine. Hapa kebo imetoka nusu, pale mbili zimebadilishana nafasi, kule kebo ni nzima kwa nje na imekatika ndani. Akishaandika kila kosa kwenye karatasi ya mfukoni, anakwenda kunywa chai. Saa tatu wanafunzi wanaingia, kila mmoja atafute kosa la meza yake na alirekebishe.

Mimi sikulijua hilo. Zamu yangu ya maabara ilikuwa alasiri, kwa hiyo miaka yote hiyo hatukuwahi kugongana. Siku ile nilikwenda mapema kwa jambo moja tu, nimfutie mwanangu meza, aikute safi.

Nilipofungua, mlango haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Nikakuta kebo zinaning'inia huku na huku. Nikasema hawa watoto, wamechezea jana wakaacha hivi, na leo mwanangu aje kuangukia hapa. Nikaanza kazi. Kila kichwa kilicholegea nilikisukuma mpaka kikalia ta. Kisichokuwa na tundu nilikitafutia tundu. Kwenye swichi kubwa ya pembeni, lile sanduku ambalo kebo zote zinakutana, palikuwa na kebo moja ya njano iliyoachwa, vichwa vyote viwili nje. Nikavichomeka vyote viwili humohumo, kimoja kando ya mwenzake, nikaifunga kiunoni fundo langu la mifuko ya taka ili isitandae. Ikapendeza. Nikatoka nikiwa nimefurahi.

Wanaojua mitandao hapo wameshashika vichwa. Kwa sisi wengine, Mwalimu alinieleza hivi: ujumbe unatoka mdomo mmoja na kurudi kwa mdomo wa pili, unatoka tena, unarudi tena, unazaana humo mpaka kila njia inasongwa. Kufika saa tatu na nusu chumba kizima kilikuwa kimekufa. Wanafunzi ishirini na wanne walikuwa wakitafuta makosa ambayo mengi hayakuwepo tena mezani mwao. Nilikuwa koridoni. Nilimwona mwanangu akitoka, uso umelowa.

Mwalimu aliusimamisha mtihani baada ya saa moja. Aliwaambia wanafunzi kwamba kosa liko upande wake, wasijilaumu.

Alasiri niliingia na ndoo yangu. Kebo ya njano ilikuwa juu ya meza yake, na fundo langu bado liko kiunoni. Fundi wa maabara alikuwa akiuliza kwa hasira ni punguani gani anayechomeka ncha mbili za kebo moja kwenye swichi moja. Nikainamia ndoo yangu. Mwalimu alinisalimia kama siku zote, akaniuliza habari za nyumbani. Nikasema njema.

Nikanyamaza kama maji mtungini. Ijumaa karatasi za maoni zikajazwa, na zilikuwa moto mtupu. Mkuu wa idara alikuwa mgeni, mtu wa hesabu, na hesabu ya mwalimu huyu haijawahi kuwa mbaya hivyo. Kikao kikapangwa Jumanne. Tulisikia kinachokuja: wanafunzi watarudia mtihani, ila Mwalimu ataondolewa kwenye somo, apewe mwingine. Somo alilolianzisha akiwa hana hata kompyuta moja.

Nikapima kama mzazi. Nikinyamaza, mwanangu anarudia mtihani na mambo yanakwisha. Nikisema, nani ataamini kwamba mama aliingia chumba cha mtihani alfajiri kufuta meza tu? Watasema kamwibia mwanawe mtihani. Nilijipa sababu zote za kunyamaza, na zote zilikuwa nzuri.

Jumatatu alasiri karatasi zilikuwa tayari ubaoni. Nikaanza kufuta mlango. Ya juu kabisa ilisema: "Mwalimu huyu anafurahia kutuona tukishindwa. Wazazi wetu wanahangaika ili tusome, yeye anakata kebo ili tufeli." Haikuwa na jina. Lakini kila herufi k ilikuwa na mkia mrefu, mkia niliomfundisha mimi mwenyewe kwenye meza ya jikoni, akiwa na miaka mitano.

Chini yake, kijani kiliandika: "Una haki ya kuudhika. Njoo Jumatano saa nne, tuanze upya."

Nikahesabu siku. Kikao ni Jumanne. Mtu huyu hajui kama Jumatano atakuwa na somo, na anamwita mtoto aliyemtukana aje waanze upya. Mwanangu anamchukia mtu kwa kosa la mama yake. Niliacha ndoo katikati ya mlango, na hiyo si tabia yangu.

Jumanne niliingia kwenye kikao na aproni yangu. Walidhani nimeleta chai. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi ya heshima, yote yakapotea njiani, likabaki moja. "Kebo nilizichomeka mimi."

Nikaeleza yote, mpaka fundo. Mkuu wa chuo akamgeukia Mwalimu, akamuuliza kama alikuwa na habari. Akasema alijua siku ileile, fundo lile analiona kila jioni kwenye mifuko ya taka. Basi kwa nini hakusema, na somo lake linaondoka? Mwalimu alijibu taratibu, kwa ule mwendo wake ambao wanafunzi wanaulalamikia, na hakuna aliyesinzia.

"Mimi mkinitoa kwenye somo, nabaki mwalimu. Binti yake mkisema mama yake kamwibia mtihani, anabaki na nini?"

Halafu akaongeza kwamba mlango ni wake, hakuufunga, na hakuweka hata kikaratasi cha kusema msiguse. Mkutubi wa zamani angemwona wa ajabu.

Mimi nilipewa barua ya onyo, naye akapewa ya kwake kwa ajili ya mlango. Somo hakunyang'anywa. Ili mtu asiwe na la kusema, makosa ya mtihani wa marudio yaliwekwa na fundi, na aliyesimamia alikuwa mwalimu wa chuo kingine. Mwanangu alipata hamsini na nane, nami sioni haya kuitaja. Walioshuhudia waliniambia kwamba alitetemeka dakika kumi nzima, kisha akachukua kile kidude chenye taa na kuanza kupima kebo moja moja, kuanzia ukutani. Leo anahudumia mtandao wa hospitali. Nikimpigia kwamba simu yangu haishiki mtandao, ananiuliza kama nimepima.

Tangu mwaka ule kosa langu limeingizwa kwenye mtihani. Wanafunzi wanaliita Kitanzi cha Mama Usafi, na wasiolipata wananitazama vibaya kantini. Mwalimu naye alinikabidhi ufunguo wa pili wa maabara. Kila alfajiri ya mtihani, yeye akienda kunywa chai, anayelinda mlango ni mimi. Sijawahi kukabidhiwa kitu kikubwa hivyo mahali pa kazi.

Zaidi ya wanafunzi mia tisa wamepita mikononi mwake. Wapo kwenye mabenki, mahospitali, mashule, na wawili wako humuhumu wakifundisha. Maabara ya kompyuta kumi na moja anaiacha ikiwa na sitini. Viti vipya vilifika mwezi uliopita, baada ya ombi la kumi na nne, na amekalia kimoja kwa siku ishirini tu. Nyumbani mke wake anamsubiri kwa furaha na hofu kidogo. Ameniambia anachoogopa ni kupimiwa mpaka sufuria.

Wiki iliyopita Mwalimu alikuwa akibandua karatasi ubaoni. Akanipa moja tupu. Akasema nimesoma za wengine miaka kumi na tisa, na mimi sijawahi kujaza. Nimeijaza, na majibu yangu nayaweka hapa mbele ya wote.

Je, mwalimu anafika kwa wakati? Anafika kabla ya jogoo. Je, anaeleza kwa namna inayoeleweka? Mimi wa shule ya msingi nimeelewa. Je, ungempendekeza kwa mwanao? Nilimpa, akanirudishia mtu mzima. Una malalamiko gani? Vikombe. Una la kuongeza? Ninalo. Siku ile ulijua na ukaniuliza habari za nyumbani, nami nikakujibu njema. Haikuwa kweli. Sasa ni njema, Mwalimu.

Kwa niaba ya wapishi, walinzi, mafundi, ofisi na sisi wa ndoo na mafagio, tunakushukuru. Nenda ukapate afya, usingizi mrefu na chai ya moto kwa nafasi. Maisha yako ya mbele yawe mepesi na marefu. Ufunguo wako nitaukabidhi kwa ajaye, ila wangu nimeomba nibaki nao mpaka zamu yangu nami itakapoisha.

Karatasi yangu ya maoni niliiacha mezani nyumbani jana, binti yangu aiangalie makosa. Kwa miaka saba hajawahi kuniambia alichoandika siku ile, nami sijawahi kumwambia kwamba niliujua mkia wa k. Leo asubuhi nimeikuta imegeuzwa. Nyuma yake kuna mstari mmoja, na chini ya mstari, ingawa jina si lazima, ameweka lake kamili:

"Mwalimu, Jumatano saa nne nilikuja. Asante kwa kuniita."